Chupa imepasuka wiki ya 21, na mtoto bado anacheza

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29. Kwetu ni Kibaigwa, mume wangu anafanya biashara ya mahindi pale sokoni, ila kwa sasa nipo Dodoma mjini kwa dada yangu, Nzuguni, karibu na stendi kuu. Hii ni mimba yangu ya pili. Wa kwanza ni binti wa miaka 5, nimemwacha kwa bibi yake.

Siku 11 zilizopita, Jumatano, tulikuwa siku ya tatu hatuna maji ya bomba. Nikabeba ndoo ya lita 20 nikaenda kwa jirani mwenye kisima. Wakati wa kurudi, nimebakiza hatua chache kufika mlangoni, nikasikia kitu kama puto kimepasuka ndani, halafu uvuguvugu ukashuka miguuni. Kanga ililowa mpaka chini. Nilicheka, Shangazi, nikijua nimejikojolea. Nikabadili nguo. Niliposimama tu yakaja tena. Ndipo nikainusa ile kanga, na haikuwa harufu ya mkojo.

Nilienda zahanati. Wakapima mkojo, wakasema ni UTI na uchafu wa kawaida wa mimba, wakanipa vidonge. Usiku ule nililala juu ya taulo. Asubuhi mume wangu akanipakia kwenye lori la mahindi, mbele na dereva, tukaja Dodoma. Hospitalini daktari aliweka kile chombo cha kuangalia njia, akaniambia nikohoe. Nilipokohoa maji yakatoka mbele ya macho yake. Hakuhitaji kusema. Ultrasaundi ikaonyesha mtoto yupo, moyo unapiga, maji yamebaki kidogo sana. Wiki 21 na siku 3.

Daktari alituambia kwa upole ila bila kuficha. Wengi hujifungua ndani ya siku chache, na mtoto wa wiki hizo hawezi kuishi nje ya tumbo. Tunaweza kusubiri, lakini nikipata homa au maji yakianza kunuka, hatasubiri tena. Ataanzisha uchungu, hata kama moyo wa mtoto bado unapiga. Nikalazwa siku 5, nikaanzishiwa vidonge vya antibayotiki, erithromaisini, vya siku 10, nikaruhusiwa kwa sharti kwamba nisirudi Kibaigwa na nihudhurie kila Jumatatu na Alhamisi. Vidonge vimeisha jana. Kesho natimiza wiki 23.

Shangazi, mama mkwe anapiga simu kila siku. Kwanza anasema ni ile ndoo, alishanikataza. Pili, ana dawa ya mizizi ya "kufunga", anataka kuituma kwa basi. Tatu, na hili ndilo limeninyima usingizi, anasema nikikubali kuanzishiwa uchungu moyo wa mtoto ukiwa unapiga, nitakuwa nimeua. Dada yangu naye ananilaza kutwa nzima, hata chooni ananisindikiza. Mume wangu haongei. Anakuja Jumamosi, anakaa kitandani miguuni pangu, anaangalia simu.

Mtoto anacheza. Hilo ndilo linanimaliza. Alfajiri mabasi yakianza kupiga honi stendi, naye anaamka. Nimeshindwa kumnunulia hata soksi, nimeshindwa hata kumfikiria jina, naogopa. Niishi vipi hizi siku?

Ni mimi, wa Nzuguni.

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na si ile pole ya kupitia mlangoni. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikuwa mkunga miaka 31, kwa hiyo nitakujibu kama mkunga kwanza, halafu kama shangazi.

Tuanze na ndoo, maana najua ndiyo iliyokukaa kifuani. Ndoo haikupasua chupa. Ingekuwa ndoo ya lita 20 inapasua chupa, mkoa huu usingekuwa na watu. Mama zetu wote wametubeba tumboni na maji kichwani. Ule utando unaozunguka mtoto hupasuka mapema kwa sababu umedhoofika: mara nyingi ni maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni bila mama kusikia chochote, wakati mwingine ni damu iliyowahi kutoka mimba ikiwa changa, au mlango wa kizazi mfupi, au pacha, au mama ambaye iliwahi kumtokea kabla. Na mara nyingi sana tunatafuta sababu hatuioni. Ulikuwa umebeba ndoo saa hiyo kwa sababu saa hiyo ndiyo watu hubeba ndoo. Ungekuwa umelala, ungelilaumu godoro.

Na la zahanati, nalisema kwa ajili ya wengine wanaosoma. Mjamzito yeyote anayetokwa na maji ambayo hawezi kuyazuia, yanayoongezeka akisimama au kukohoa, asiridhike na kipimo cha mkojo peke yake. Aombe aangaliwe kwa kile chombo, siku hiyohiyo, mahali wanapoweza. Wewe uliinusa kanga ukaujua ukweli kabla ya wote.

Sasa, kinachoendelea tumboni. Watu wanadhani chupa ikipasuka ni kama ndoo iliyotoboka, maji yakiisha yameisha. Sivyo. Maji yale kwa umri huu sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anakunywa, anakojoa, anakunywa tena. Kwa hiyo yanatoka na yanatengenezwa, ndiyo maana pedi inalowa kila siku na bado mtoto yupo. Mara chache tundu hujifunga lenyewe, usilitegemee. Kunywa maji ya kutosha, ni vizuri kwako na kwake, ila usijilazimishe lita na lita ukidhani utajaza chupa.

Shida ya maji kupungua ni mapafu. Mtoto huvuta yale maji na kuyatoa, ndivyo mapafu yanavyopata nafasi ya kukua, na wiki hizi ulizomo ndizo hasa za kazi hiyo. Kwa hiyo hata akifika mbali, kuna hatari azaliwe na mapafu madogo, au viungo vilivyokakamaa kwa kubanwa. Daktari akipima ultrasaundi, muulize maji yamebaki kiasi gani, na umwambie akuandikie kwenye kadi. Sikwambii haya nikuvunje moyo. Nakwambia kwa sababu mtu asiyeambiwa huyawaza usiku, na ya usiku huwa makubwa zaidi.

La upande wa pili ni hili: karibu nusu ya wanaopasukiwa mapema hujifungua ndani ya wiki moja. Wewe wiki hiyo umeshaivuka.

Nilipokuwa wodini alikuja mama aliyepasukiwa wiki ya 23. Alikuwa na daftari la shule la mwanawe, amechora safu tatu kwa penseli: saa, joto, rangi. Kila asubuhi na jioni anaweka kipimajoto kwapani, anasubiri, anaandika. Kila akibadili kitambaa anakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, anaandika: safi, safi, pinki kidogo, safi. Sisi manesi tulimtania, tukamwita karani. Siku ya 18, saa 9 usiku, akaja mwenyewe mpaka mezani kwangu, daftari mkononi, akasema, "Sista, 38 na pointi moja, na nina baridi." Hakuna aliyekuwa amegundua. Mtoto yule tulimpoteza. Mama tulibaki naye, na ni kwa sababu ya ile penseli. Miaka miwili baadaye alijifungua wa kiume mikononi mwangu. Kitanda cha jirani yake alikuwepo mwingine wa hali hiyohiyo, akafika wiki 29, akazaa njiti wa kilo 1.2 na akatoka naye kifuani, amefungwa kwa kitenge kama kangaruu. Sijui kwa nini huyu na si yule. Sijawahi kujua.

Basi na wewe tafuta daftari. Nunua kipimajoto duka la dawa, upime asubuhi na jioni, na kila ukihisi baridi. Tumia pedi au vitambaa vyeupe vilivyofuliwa, vikaanikwa juani na kupigwa pasi, ili rangi ionekane. Usiingize kitu chochote ukeni: si vidole vya kujisafishia, si sabuni, si ndimu, si mume. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Hata hospitalini, kama huna uchungu, una haki ya kuuliza kwa adabu, "Sista, ni lazima kunipima kwa vidole?" Kila kidole kinachoingia kinaweza kupandisha wadudu.

Joto likifika 38, au ukitetemeka, au maji yakibadilika kuwa ya kijani, kahawia au yenye harufu, au damu itoke, au tumbo liume hata ukiligusa tu, au moyo wako uende mbio umekaa, au mtoto anyamaze siku nzima, unaondoka saa hiyo. Na hapa nisikilize vizuri. Huku kwetu mtu akipata homa, wa kwanza anasema malaria, wa pili anasema UTI, wa tatu yuko duka la dawa ananunua. Kwako wewe, homa ni ya kizazi mpaka daktari aseme vinginevyo. Usimeze mseto nyumbani usubiri kesho. Usimeze panado ishushe joto halafu ufurahi limeshuka. Malaria watapima hukohuko. Na kama siku moja utahisi kitu kama kamba kimetoka ukeni, hicho ni kitovu: piga magoti, kifua chini, makalio juu, upelekwe hospitali hivyohivyo.

Dawa ya mama mkwe isipande basi. Sidharau mizizi, bibi yangu aliijua. Lakini hakuna mzizi unaoshona utando uliopasuka, na iko mingi inayokaza kizazi na kuleta uchungu. Huwezi kujua ni ipi iliyomo kwenye chupa ya soda iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni.

Dada yako mwambie asante, halafu mwambie akuache ukae kwenye kiti. Kulala kutwa nzima hakuzuii maji kutoka, hilo halijawahi kuthibitika, ila kunaweza kugandisha damu miguuni. Usibebe vitu, usifue mablanketi, usipande bodaboda kwenye vumbi na makorongo ya huko Nzuguni. Lakini tembea uani, kaa kivulini, chambua mchicha kama mikono inakuwasha.

Sasa lile neno kubwa.

Mwanangu, maambukizi yakishaingia kwenye mfuko wa uzazi, hakuna tena mizani ya mama upande mmoja na mtoto upande mwingine. Mtoto amekaa ndani ya usaha. Antibayotiki peke yake haziwezi kusafisha mfuko ambao chanzo chake bado kimo ndani, lazima mtoto na kondo la nyuma vitoke. Ukichelewa, sumu inaingia kwenye damu, na nimewaona wanawake wakiondoka kwa saa chache, mtoto naye akiwa ndani. Daktari anayeanzisha uchungu hapo anamwokoa yule ambaye bado anaweza kuokolewa. Hata sheria yetu inalitambua: kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kama wewe ni mtu wa kanisa au msikiti, nenda kamuulize kiongozi wako wewe mwenyewe, na mumeo awepo. Usipokee fatwa ya simu kutoka kwa mtu mwenye hofu. Maana mama mkwe anaogopa, usione hivi. Anaogopa mjukuu, na anaogopa kubaki akimlea binti yako wa miaka 5 peke yake.

Nyie wawili mlizungumze hili kabla halijafika. Si usiku wa homa, gari linasubiri. Jumamosi mumeo akija akakaa miguuni pako, mchukulie simu, iweke chini ya mto, umuulize: "Ikifika siku hiyo, utasaini?" Atanyamaza. Mwache anyamaze. Wanaume wengi niliowaona wakiangalia simu pale mlangoni mwa wodi hawakuwa wanasoma chochote, kioo kilikuwa kimezima.

Kesho hospitalini uliza mambo haya, yaandike usije ukasahau. Tukifika wiki ya 24, je, kwa hali ya mimba hii, nitalazwa? Sindano za kukomaza mapafu mtanipa lini? Hizo hutolewa kati ya wiki 24 na 34, uchungu ukionekana uko karibu na mama hana maambukizi, mahali penye uwezo wa kumhudumia mtoto. Kuna na dripu ya magnesiamu ya kulinda ubongo wa njiti kabla ya wiki 32, iulizie pia. Na la muhimu kuliko yote: hapa mna wodi ya watoto wachanga mahututi, na mnapokea mtoto kuanzia wiki ngapi, uzito gani? Kama hawana, rufaa ya kwenda penye wodi hiyo ifanyike mtoto akiwa bado tumboni. Hakuna chombo cha kumsafirishia njiti kilicho bora kuliko tumbo lako. Wiki 24 kwetu bado ni mapema mno, wengi hawaishi. Wiki 28 ni habari nyingine. Katikati hapo kuna mwezi mzima, nao unaendwa siku kwa siku kwenye lile daftari.

Jina. Umeniuliza kwa kuzungukazunguka, nami nakujibu moja kwa moja: mpe, kama moyo unataka. Kutompa hakutakupunguzia kilio. Nimewaona waliojizuia, hawakuita jina wala hawakununua soksi, na siku ya siku walilia vilevile, tena na majuto juu. Na kama moyo hautaki, muache awe "mtoto" tu, anakujua. Soksi usinunue kama zinakutisha, duka halihami.

Na kama hatabaki, utasikia watu wanasema, "ilikuwa damu tu, utazaa mwingine." Kwa mimba ambayo haijafika wiki 28 wengi hawaweki matanga, wanawake wawili watatu wanakwenda kuzika kimyakimya, yameisha. Wewe una ruhusa ya kuomba kumwona na kumshika. Mwambie mkunga mapema, kesho hiyohiyo, kwamba ungependa, kwa sababu usipomwambia anaweza kumfunika haraka akidhani anakuhurumia. Tuliwahi kufanya hivyo, tulifundishwa hivyo. Wapo wasiotaka kuona, nao ni sawa. Ukishaona hali ya usingizi na chakula haikurudii baada ya wiki mbili tatu, sema hospitalini, wasikupe vidonge vya damu tu wakakuruhusu.

Usiku wa leo: simu iwe na chaji, namba ya dereva wa bajaji mnayemwamini iandikwe na kwenye karatasi ukutani, dada aijue. Namba 115 ya dharura za wajawazito na wachanga ni bure, nayo iandikwe hapohapo. Begi liwe na kanga nne, pedi, kadi ya kliniki, lile daftari, na nguo ya joto maana alfajiri za Dodoma mnazijua.

Alfajiri mabasi yakipiga honi naye akiamka, usimkwepe. Weka mkono. Anacheza kwa sababu ndiyo kazi yake ya leo.

Na simu za mama mkwe, kuanzia leo, apokee mwanawe.